Mwanamke wa Kisimani na Mtoto Asiye na Jina

Mtoto alikuwa ametimiza siku kumi na mbili duniani bila jina, na kosa lilikuwa langu. Baba yake hakujua kwamba ni langu, mama yake hakujua, na hata mimi mwenyewe sikuwa na hakika sana. Ndiyo maana ninaandika. Nimejaribu kulipanga jambo hili kichwani mara mia tano, na kila mara linatoka na sura nyingine.

Lupango letu, yaani uwanja wetu na nyumba zilizomo, lina nyumba tatu za zamani za wafanyakazi, upande ule wa Likasi, mji wetu wa migodi, ambako ukuta ukipakwa chokaa leo, kesho ni mwekundu. Mimi nakaa nyumba ya nyuma. Nyumba ya mbele ni ya mama mmoja aliyenizidi miaka michache, namwita Yaya, yaani dada mkubwa, na mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kwa hiyo ni Shemeji. Wao ndio wenye televisheni kubwa. Kila Jumapili baada ya bukari, ugali wetu wa mchana, dunia nzima ilihamia sebuleni kwao. Watu elfu mbili. Haya, tulikuwa ishirini na kitu, pamoja na waliosimama dirishani, lakini joto lilikuwa la watu elfu mbili.

Tamthilia tulitiliwa kwenye flashi na fundi wa simu, msimu mmoja mmoja, yote kwa Kifaransa. Ilikuwa ya nchi ambayo milima yake huamka na kutembea, na ya mwana wa mfalme aliyepoteza kivuli chake, akawa anakitafuta nyuma ya milango saba. Milima inayotembea haikutushangaza. Yetu inaondoka kila siku kwa malori, tena mchana, na hakuna anayeipigia tarumbeta. Lakini kile kivuli kilitukamata. Watu walipunguza sala ya jioni kwa ajili ya kile kivuli.

Tatizo lilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Iko nyuma ya ukuta wa Yaya, na ikianza kunguruma, hata radi husubiri zamu. Hakuna aliyesikia kitu. Basi ikawa desturi yetu: mtu mmoja anakaa chini, sikio limebandikwa kwenye televisheni, anasikiliza, halafu anawarudishia wengine kwa Kiswahili, kwa sauti ya kupita mashine. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, miaka sita ya kubeba mifuko ya saruji mchana na kubeba vitabu baada ya kazi, na diploma yangu ilikuwa bado inanukia. Wakaniita Prof. Nilikataa jina hilo kwa muda wa dakika nzima.

Sasa, Kifaransa nilichofundishwa jioni kilikuwa cha kuomba kazi na kumweleza mkurugenzi kwa nini umechelewa. Wafalme wa tamthilia hawaombi kazi. Wanasema kwa mafumbo, haraka, na farasi wanapita katikati. Nilichokipata nilikitoa. Nisichokipata, sikutaka uwanja mzima ukae na shimo, nikaliziba.

Ndipo akaja mwanamke wa kisimani. Ilikuwa sehemu ya tatu kabisa. Mwana wa mfalme anafika kwenye kisima, mwanamke mwenye kitambaa kichwani anamchotea maji, anamwambia maneno machache, anaenda zake. Mashine ikanguruma juu ya yale maneno machache.

“Prof, alisema nini?” wakaniuliza.

Nikasema: “Alisema yeye anaujua mlango wa saba.”

Sebule ikapumua kwa pamoja, kama puto. Nami nikaona utamu wake. Wakataka jina lake, nikawapa jina. Jumapili iliyofuata wakaanza kumtafuta, na kila alipopita mtu mwenye kitambaa kichwani walipiga kelele, “Njo ye! Njo ye!” yaani ndiye huyo. Ningefanya nini? Nikasema ndiyo, ni yeye. Hadi msimu wa tano alikuwa ameokoa ufalme mara nne, amebeba maji kupita milimani bila kumwaga hata tone, na alikuwa anajua kivuli kilikojificha ila hakuulizwa kwa heshima.

Kisha tamthilia ikaisha. Mwana wa mfalme anaoa, milima inalala, mlango wa saba unabaki wazi na upepo unapita ndani yake. Basi. Hakuna aliyesema kivuli kilikuwa wapi miaka yote ile. Hakuna aliyesema nani alifungua mlango. Na juu ya mwanamke wa kisimani, neno hata moja hakuna.

Nimeona ghasia za uchaguzi na ghasia za mpira. Zile zilikuwa mchezo wa chekechea.

Kambi ya kwanza iliongozwa na Papa. Huyu ni mzee wa nyumba ya tatu, karani mstaafu, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya migodi. Yeye tangu mwanzo aliandika kila sehemu katika daftari la jalada gumu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa Biblia.

“Alikufaka,” Papa alisema. “Alikufa mu moto ya munara. Niliandika hapa.”

“Papa, weye kila muntu kwako anakufa,” Yaya akamjibu. Tumbo lake lilikuwa limeshafika magotini, alikuwa amelala kwenye kiti kirefu na mto mgongoni. “Hata kuku ikisinzia, weye unaandika alikufa.”

“Sasa kama iko muzima, juu ya nini hakukuja ku ndoa ya mufalme?”

“Bamualike? Bakunywe maji yake myaka yote, kisha siku ya ndoa hata karatasi ya mualiko hapana. Weye ungeenda?”

“Minye ningeenda,” Shemeji akasema. “Kulikuwa nyama.”

Wakacheka, lakini hawakumaliza. Wiki ya pili bado. Wiki ya nne bado. Sokoni nilikuta wanawake wawili wauza mboga ambao hawajawahi kuona tamthilia hiyo hata kidogo, wanagombania kama mwanamke wa kisimani alikuwa na pacha. Mchimbaji mmoja aliyetoka Kambove na baiskeli aliniambia kwamba kule wao walishamaliza: alikuwa ndiye kivuli chenyewe. Nilisimama na baiskeli ya mtu mkononi nikasahau kuirudisha. Wazo lilikuwa zuri mno. Nikajiuliza kwa nini sikulifikiria, na mara nikashtuka kwamba najiuliza hivyo.

Na kila ubishi ulipofika ukutani walinigeukia. “Prof, weye njo ulisikia. Mara ya mwisho alisema nini?”

“Alisema kwa njia yenye maana nyingi,” nilijibu. Masomo ya jioni yana faida.

Yaya akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kushindana na mashine. Na siku ileile akasema jina analolitaka. Mnajua la nani.

Kwao, na kwetu karibu sote, jina halitolewi hewani. Mtoto anaitwa kwa mtu, na mtu huyo tunamwita majina wake. Kama majina yuko hai, anakuja, anampokea mtoto mikononi mbele ya ukoo, analeta kitambaa na sabuni, na tangu hapo mtoto huyo ni sehemu yake. Kama amekufa, sharti ijulikane alikufa vipi, maana kifo kibaya hakiwekwi juu ya kichwa cha mtoto. Shemeji alikuja kuniona nyumbani, akakaa juu ya ndoo yangu ya maji, akasafisha kucha kwa msumari.

“Prof, minye sina shida na ile jina,” akasema. “Ni jina muzuri. Lakini ye iko muzima ao alikufa? Kama alikufa na moto, minye kazi yangu ni moto kila siku. Siwezi tia moto ingine juu ya mutoto.”

“Shemeji, lakini ni seri tu, tamthilia.”

Akaniangalia kama nimemtukana. “Jina haijue kama ni seri,” akasema.

Akaeleza kwamba Jumapili shangazi yake atafika kutoka Kapolowe. Ikifika Jumapili bila jibu, mtoto atachukua jina la marehemu nyanya yao, mwanamke ambaye, kwa maelezo ya Yaya, hakuwahi kucheka tangu uhuru.

Nilidhani nitamtuliza Yaya kwa mzaha. Nikaingia, nikamkuta anamnyonyesha, nikamwambia majina ni mengi mjini, achague lingine tu.

“Mudogo wangu,” akasema, bila kuinua macho, “mimba mbili mbele ya hii hazikufika. Weye unajua. Hii hapa, daktari alinilaza. Miezi nikiangalia plafo, dari tu. Na kila Jumapili weye unasema: anabeba maji, anapita pa mawe, hamwange hata tone. Nikasema mu roho, kama ye anafikisha, na minye nitafikisha.” Akafuta jasho la mtoto kwa kidole. “Mambo ya kuchekacheka juu yake sitaki.”

Nilitoka nje, nikasimama karibu na ukuta, mashine ikanitikisa mifupa. Lile la kutomwaga tone nililisema mimi. Nakumbuka Jumapili yenyewe: nilikuwa nimepaliwa na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, watu wakapiga kelele za kutaka maneno, nikasema la kwanza lililokuja.

Au nilikumbuka hivyo. Maana nikasema, haidhuru, nitakwenda kwenye chemchemi. Nikaazima flashi zote kwa Yaya na kompyuta ya jirani, na kwa siku tatu nikaangalia tamthilia nzima peke yangu, nikimtafuta mwanamke mmoja. Nilikula karanga gunia zima. Katika sehemu ya tatu yupo, sawa: kisima, maji, maneno machache. Nikasogeza sauti. Safari hii hapakuwa na mashine. Alimwambia mwana wa mfalme asinywe haraka, maji ni baridi.

Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya mlango wa saba.

Baada ya hapo hayupo. Yule aliyepita sokoni ni mwanamke mwingine, mnene. Yule wa daraja ni mtawa. Yule aliyeokoa ufalme mara ya tatu, nilipomsimamisha kwenye kioo na kumsogelea, alikuwa mzee mwenye ndevu. Nilicheka peke yangu hadi nikaogopa. Lakini lililonichanganya zaidi ni hili: nilikumbuka, wazi kabisa, kama ninavyoikumbuka sura ya mama yangu, mwanamke yule akiwasha taa ndani ya pango na kumgeukia mwana wa mfalme na kutabasamu upande mmoja. Nililiona jambo hilo kwa macho. Halimo. Nilitafuta msimu wa nne mara tatu, wa tano mara mbili. Pango lipo, taa ipo, inawashwa na askari. Je, nilisema maneno, kisha maneno yakaniwekea picha? Au fundi wa simu ana tamthilia nyingine iliyokatwa? Nilimwendea, akaniapia kwamba ni ileile. Nikarudi nikiwa sijui tena ni kitu gani nimewahi kuona maishani.

Jumapili ikafika. Shangazi alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, amekuja na kuku mmoja na mihogo ya kutosha jeshi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mashine ilikuwa kimya na kila mtu alisikika vizuri, jambo ambalo halikunisaidia. Walikaa uwanjani: Shangazi, Shemeji, Yaya na mtoto, Papa na daftari lake, na watu wa Jumapili wote pembeni, kwa sababu nani angekosa.

Papa akafungua daftari kama anafungua kesi. Akasoma: sehemu hii aliokoa, sehemu hii alibeba, sehemu hii alionekana karibu na mnara. “Kisha munara ukaungua. Baada ya pale hakuna muntu anamuona. Mama, minye nilikuwa karani myaka makumi tatu. Muntu mwenye haonekane tena mu kitabu, tunaandika: alikufa.”

“Ao alihama!” Yaya akadakia. “Banahama, Papa! Unajua bangapi bametoka hapa banaenda Kolwezi, na mu kitabu yako habaonekane?”

“Karatasi yake ya kuhama iko wapi?”

“Papa, ye anatembea kati ya milima, weye unamulomba karatasi!”

Nilikuwa nasikiliza daftari likisomwa, na kila neno lililoandikwa kwa mwandiko ule mzuri lilikuwa limetoka kinywani mwangu. Hata kikohozi changu cha munkoyo kilikuwamo: “Hapa anasita, kwa huzuni.” Nikasimama.

“Hayupo,” nikasema. “Mwanamke huyo hayupo. Alichota maji mara moja, akasema maji ni baridi, akaenda. Yaliyobaki ni mimi. Mashine ilikuwa inanguruma, sikusikia, nikajaza.”

Nilitegemea mawe. Nilitegemea kwamba Likasi yote itanifukuza kwa ufagio. Papa akavua miwani.

“Bongo,” akasema, yaani uongo.

“Papa, nakuambia kweli.”

“Minye nilimuona na macho yangu. Alikuwa na nguo ya bluu.”

“Nyekundu,” akasema mtu nyuma.

“Ya kijani, na mukufu,” akasema mwingine. “Ile siku ya pango, na taa.”

“Umeona pango?” nikamuuliza. “Alitabasamu?”

“Upande mumoja,” akajibu.

Shemeji alikuwa ameshika kichwa. “Sasa ni nini?” akasema. “Iko ao haiko? Niliuliza tu kama iko muzima, mumenipa shida ingine.”

Yaya alimgeuza mtoto begani akawa anampigapiga mgongo, na hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko mawe yote ambayo hayakurushwa.

Ndipo Shangazi akaniita kwa kidole. “Kijana, kuya hapa. Minye sikuona ile tele yenu. Ile mwanamuke, njo weye ulimutoa?”

“Ndiyo, Mama. Sehemu kubwa. Nafikiri.”

“Unafikiri?”

“Kuna mahali sijui tena, Mama.”

“Siku moja ulimuuwa?”

“Hapana!” nikasema, na nilikasirika kweli, kama mtu aliyesingiziwa.

“Hata mu roho? Hata siku ulikuwa na usingizi, unataka kumaliza haraka?”

Nikajipekua. Nilikuwa nimemchosha, nimemnyeshea mvua, nimemfanya alale njaa. Kumuua, sijawahi. “Hata siku moja, Mama.”

“Basi iko muzima,” Shangazi akasema, akamgeukia Shemeji. “Umeuliza, umejibiwa. Moto hapana.”

“Lakini daftari,” Papa akaanza.

“Daftari, nani alikuambia ya kuandika?”

Papa akanionyesha kwa kidevu. “Ni ye.”

“Basi na hii andika.”

Papa akachukua kalamu, akafikiri, akaandika polepole huku akisema kwa sauti: “Iko muzima. Tunabishana.” Akapiga mstari chini kwa rula.

“Lakini majina mwenye kuwa muzima anakuja,” Shangazi akaendelea. “Anapokea mutoto. Ye iko mbali. Nani atasimama pahali pake?” Vichwa vyote vikanigeukia kwa mara moja, kama Jumapili zile zote.

Yaya akainuka. Akanijia, akasimama mbele yangu na mtoto, na sasa ndipo akanitazama. “Hamwange hata tone,” akasema. “Ile nayo ni weye?”

“Ni mimi, Yaya.”

Sijui jibu hilo alilifanya nini ndani. Kisha akanitia mtoto mikononi, akanirekebisha kiwiko, maana nilikuwa nimemshika kama mfuko wa saruji. Shangazi akalitamka jina. Sitaliandika hapa, sasa ni la mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele, kuku akatoroka, na upande wa Papa wakaanza upya kwamba kuwa hai si kitu, je, kivuli alikijua au hakukijua?

Jumatatu nikaenda sokoni kununua kitambaa na sabuni, kama inavyompasa majina. Muuzaji aliniuliza ni kwa nani, nikaeleza, akanionyesha kwa kidole kichwani kwamba nimechanganyikiwa, na kunifungia vizuri. Nilimkuta Yaya mlangoni, nikampa kwa mikono miwili. “Amevituma yeye,” nikasema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Yaya akakunjua kitambaa. Kilikuwa cha bluu. Akakinusa, akakiweka begani, akaniuliza mtu mwenyewe atakuja lini kumwona mtoto, apate kujua kama atandike kitanda.

Nilimwangalia usoni nione kama anacheza. Sikuona kicheko. Sikuona pia kwamba hakuna kicheko. Nilifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikujaza kitu.

“Nitamwuliza,” nikasema.